Chipukizi la dungusi lisubiri kukauka kabla ya kupandwa
Je, chipukizi la Mammillaria elongata, aina mojawapo ya dungusi, linaweza kupandwa na kumwagiliwa siku ileile linapotenganishwa na mmea mama? Hapana, halipaswi. Liache juu ya karatasi kavu, mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, kwa siku 5 hadi 10, mpaka kidonda kikauke na kufunga utando mgumu, kwa sababu mwili wa dungusi umejaa maji, na jeraha bichi linapogusa udongo wenye unyevu huruhusu ukungu kupenya na kuozesha mmea kuanzia ndani, mara nyingi kabla ya dalili yoyote kuonekana nje. Nimewahi kupoteza machipukizi mazima kabisa kwa haraka hiyo, nayo yalioza tokea chini.

Likishakauka, lisimamishe juu ya mchanganyiko ambao angalau nusu yake ni changarawe ndogo au mchanga wa chembe kubwa, bila kulizamisha, kisha usubiri mizizi, ambayo wakati wa joto huchukua wiki kadhaa kutokeza. Hapo ndipo umwagilie, tena uloweshe udongo wote na kuuacha ukauke kabisa kabla ya kurudia. Spishi hii ni ya asili ya maeneo makavu ya Meksiko ya kati, kwa hiyo huvumilia kiu kuliko unyevu wa kudumu, hasa majira ya baridi.

Chipukizi lililong'oka likiwa tayari na mizizi yake halihitaji kusubiri muda mrefu hivyo. Siku 2 au 3 zinatosha.