Re: Hakimu wa kesi za watoto na familia anapatikanaje?
Umeuliza kama wanasomea kabisa au wanapangiwa tu, kwa kweli inategemea nchi. Marekani kila jimbo na utaratibu wake, kwingine wanapigiwa kura kabisa, kwingine gavana ndo anateua. Ufaransa kuna hakimu maalumu wa watoto tangu 1945. Ila mi nawakubali Ujerumani, sheria yao inataka hakimu wa kesi za vijana awe na uwezo na uzoefu wa malezi, na wale wazee wa baraza wanaokaa naye kwenye kesi nzito nzito wanapendekezwa na kamati ya ustawi wa vijana, kawaida mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Huo uzoefu wa malezi ndo kigezo cha kwanza jamani, mtoto wa miaka 14 ukimhoji kama jambazi sugu hafungui mdomo.