Breki za Baiskeli ya Resi: Pima Kwanza, Kariakoo Baadaye

Baiskeli nyingi za resi tunazopanda hapa Dar, zile zenye usukani uliopinda kwenda chini, ni mitumba. Zimetoka Japani au Ulaya, zimesafiri kwenye kontena, zikakaa tena juani kwa muuzaji. Fremu huwa bado nzima. Kinachofika kimechoka ni breki: mipira imekauka, waya umeota kutu ndani ya ganda lake, unabana mpaka vidole vinauma na baiskeli bado inaserereka. Mtu anayeshuka Kimara kwenda Ubungo asubuhi, bodaboda zikimkatiza kulia na kushoto, hapaswi kuvumilia breki ya namna hiyo hata siku moja.

Mimi huenda kazini mjini kwa baiskeli hii, na breki zake nimezibadilisha mwenyewe, pamoja na za marafiki. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu uko kwenye kununua kitu sahihi, maana dukani breki zinafanana na zote zinang'aa.

Anza kwa kuitazama baiskeli yako kwa mbele, pale uma unaposhika tairi. Ukiona tundu moja katikati, juu ya tairi, na breki nzima imening'inia kwenye bolti moja inayopita hapo, hiyo ni kalipa. Hii ndiyo utakayoikuta kwenye resi nyingi. Ukiona vijiti viwili vya chuma vimechomelewa kwenye uma, kimoja kila upande wa tairi, na kila mkono wa breki umefungwa kwenye kijiti chake, basi una kantileva au breki ya V. Kantileva ina mikono mifupi iliyochomoza kwa nje, na waya unashuka kutoka juu ukagawanyika mara mbili kuifuata. Breki ya V ina mikono mirefu iliyosimama wima, na waya unapita juu ya tairi kwa mlalo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Breki ya V ni nzuri sana, lakini inataka mkono wa kubania, ule wa kwenye usukani, unaovuta waya mwingi, kama ule wa baiskeli za milimani zenye usukani ulionyooka. Mikono ya usukani wa resi huvuta waya kidogo. Rafiki yangu wa Sinza alikuwa na kantileva zilizochakaa, akafungiwa breki za V mpya kabisa. Alipobana, mkono uligusa usukani kabla mipira haijaishika ringi sawasawa. Fundi akasema, "Kaka, tunazisogeza tu karibu." Akaisogeza mipira mpaka ikabaki nafasi ya kupitisha karatasi. Siku hiyo ilishika. Ringi ilipoyumba kidogo baada ya shimo, ikaanza kusugua kila mzunguko. Fundi hakuwa na nia mbaya, breki za V ndizo anazofunga kutwa nzima. Tulimaliza kwa kutafuta breki za V zenye mikono mifupi, ya kama milimita 80 hadi 90, ambazo zinakubaliana na mikono ya kubania ya resi. Kantileva mpya nazo zingefaa. Ukifanya kinyume chake, yaani mkono wa kubania wa breki ya V kwenye kalipa, utaona mkono umekuwa mgumu mara moja na unaweza kudhani breki ni kali, kumbe nguvu inayofika kwenye ringi imepungua. Kwa hiyo usinunue breki bila kuufikiria mkono wake.

Kama una kalipa, chukua rula. Pima kutoka katikati ya lile tundu la bolti, shuka wima mpaka katikati ya sehemu ya ringi ambayo mpira unatakiwa kushika. Pima mbele, pima na nyuma, kwa sababu mara nyingi vipimo hivyo havilingani. Kalipa fupi hufikia milimita 39 hadi 49, za wastani 47 hadi 57, na ndefu 55 mpaka karibu 73. Resi za zamani, hasa zilizotengenezwa kubeba madigadi, mara nyingi huhitaji za wastani au ndefu. Ukifunga fupi, mpira utaishia kwenye tairi badala ya ringi, na utaikata tairi ubavuni taratibu mpaka ipasuke. Ukiwa chini mno, mpira unaweza kuteleza ukaingia kwenye spoku, na hilo la gurudumu la mbele sitaki hata kulifikiria.

Soma pia namba za ubavuni mwa tairi. Zikiishia na 630, gurudumu ni la inchi 27, zikiishia na 622, ni lile linaloitwa 700C. Kwa macho yanafanana, ila ringi ya 622 iko chini kwa milimita 4 ukipima kutoka kwenye tundu la breki. Baiskeli za mitumba hubadilishwa magurudumu kiholela, na milimita hizo 4 zinatosha kukufanya urudi Kariakoo.

Kisha chungulia nyuma ya uma uone bolti ya breki imefungwaje. Za zamani zina nati ya kawaida inayoonekana kwa nje. Za kisasa zina nati ndefu ya mviringo iliyozama ndani ya tundu, unaifungua kwa spana ya L ya milimita 5. Nati ya kuzama inahitaji tundu la milimita 8 upande wa nyuma. Kama lako ni jembamba, tafuta kalipa yenye bolti ndefu na nati ya kawaida. Ipo, muulize muuza vipuri vya zamani.

Hela ikitosha breki moja tu, badilisha ya mbele. Unapofunga breki uzito mwingi unahamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalokusimamisha. Wengi wanaiogopa wakidhani watapinduka, wanaishi kwa kutegemea ya nyuma, nayo huserereka tu kwenye mchanga na lami iliyolowa.

Sasa waya. Ganda la waya wa breki na ganda la waya wa gia yanafanana kwa nje, na nimeona baiskeli iliyofungwa la gia kwenye breki. Ni hatari kubwa. Litazame pale lilipokatwa: la breki lina waya mmoja bapa uliojizungusha kama springi, la gia lina nyaya nyembamba nyingi zilizopangwa wima kuzunguka duara. Ukibana breki kwa nguvu, zile za gia zinaweza kuchana plastiki zikatoka nje, na hapo huna breki tena. Waya wenyewe wa ndani uwe wa milimita 1.5 au 1.6, na kichwa chake kiwe kile kidogo chenye umbo la pea. Kile cha mviringo kama pipa ni cha baiskeli za milimani, hakikai kwenye mkono wa resi.

Ukikata ganda kwa plaizi, mdomo wake hubanwa ukajifunga. Usipitishe waya hivyo hivyo. Piga tupa mpaka ncha iwe bapa, kisha ingiza msumari mwembamba ufungue ile plastiki ya ndani. Dakika hizo chache ndizo zinazotofautisha breki inayorudi yenyewe ukiiachia na ile inayong'ang'ania ringi. Kama waya wako unapita chini ya utepe wa usukani, itabidi uufungue utepe, kwa hiyo nunua mpya kabisa kwa safari hiyo hiyo.

Mipira ifunge ikiwa imelingana na ringi, haigusi tairi, na ncha yake ya mbele itangulie kugusa kwa tofauti ya nusu milimita hadi moja. Hiyo inazuia ule mlio wa kukereketa. Kabla hujakaza waya, zungusha skrubu ya kurekebishia mpaka iingie ndani, na kile kiwiko kidogo cha kufungulia breki kiwe kimefungwa. Ukimaliza, bana mkono kwa nguvu zako zote mara kadhaa. Waya utalegea kidogo, ukaze tena. Kisha isukume baiskeli mbele na ubane breki ya mbele, gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Hakikisha pia mkono upi unafunga lipi: za Japani na Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko kulia, nyingi za bara la Ulaya iko kushoto. Usiijulie barabarani.

Wakati wa masika na vuli nakagua mipira kila wiki. Mchanga wa barabara zetu ukichanganyika na maji unakwama kwenye mpira, na vipande vya aluminiamu vilivyochunwa kwenye ringi vinajichimbia humo vikimetameta. Vitoe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, la sivyo vitaendelea kuila ringi. Kama ringi yako ni ya chuma iliyopakwa kromu, mpira wowote utashika vibaya ikilowa, na dawa yake ni kubadili ringi iwe ya aluminiamu. Na kama ni ya aluminiamu, pitisha kidole kwenye ule ukuta unaoshikwa na mpira. Ukihisi umebonyea kwa ndani, ringi imelika, ibadilishe kabla hujatia hela nyingine kwenye breki.