Usiandike "Anaendelea Vizuri"

Wewe unayeanza kazi kwenye kliniki ya ufuatiliaji, mgonjwa wako wa kwanza atakuja anatembea mwenyewe, pengine anatabasamu. Upasuaji wa roboti wa kutoa tezi dume yenye kansa humwacha na matundu machache tumboni, wengi huruhusiwa baada ya siku moja au mbili, na mpira wa mkojo hutolewa baada ya wiki moja hivi. Ukimtazama utaona amepona, na kalamu itaandika yenyewe: anaendelea vizuri. Nilipoanza kazi hii hapa Uingereza niliyaandika maneno hayo mara nyingi mno. Leo nikifungua mafaili yale siambulii kitu. Nani alikuwa anavuja mkojo, nani ndoa yake ilikuwa imepoa, sijui.

Aliyenifunza ni mzee mmoja mzaliwa wa Mombasa, miaka miwili tangu atolewe tezi dume. Dodoso linauliza: kwa siku unatumia pedi ngapi? Akajibu sifuri. Nikaandika sifuri, na kwenye takwimu sifuri maana yake ni mtu mkavu. Ziara iliyofuata nilimpa shikamoo, tukapiga soga za nyumbani kidogo, ndipo akasema, "Mwanangu, pedi ni mambo ya wanawake. Mimi mke wangu hunikatia leso kuukuu, nakunja, naweka." Leso ya Mombasa hiyo, yaani khanga. Vipande vitatu kwa siku! Tena msikitini alikuwa ameacha kwenda, kwa ajili ya udhu. Nilimsihi aende kwa imamu wake, maana mwenye kuvuja mkojo sheria imemwekea ruhusa yake, na nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya misuli ya nyonga. Kwenye kumbukumbu zetu alikuwa mfano wa mafanikio.

Usije ukadhani dawa yake ni kubadilisha dodoso. Dodoso kama EPIC-26, lenye maswali ya mkojo, tendo la ndoa na mengineyo baada ya tiba ya kansa ya tezi dume, limepimwa neno kwa neno, na ukiligeuza majibu yako hayalinganishwi tena na ya kliniki nyingine. Mwache mgonjwa alijaze mwenyewe, na alijaze kabla hajaonana na daktari aliyempasua. Mtu huona haya kumwambia aliyemtoa kansa kwamba bado analowa. Akishamaliza ndipo umuulize lako: ndani ya nguo unaweka nini, unabadilisha mara ngapi, ni jambo gani umeacha kulifanya? Majibu hayo yaandike pembeni.

Na kuna ukurasa ambao usipojazwa mapema haujaziki tena: hali yake kabla ya upasuaji. Mwanamume wa miaka 68 mwenye kisukari anaweza kuwa alikwisha kupungukiwa nguvu za kiume kabla roboti haijamgusa. Usipoliandika hilo, baada ya mwaka utamlaumu daktari bure, au utamsifu bure.

Watakuuliza pia kama roboti si bora kuliko kisu cha kawaida. Jibu kwa utulivu. Kule Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya njia hizo mbili kuanzia 2010. Wa roboti walipoteza damu kidogo na wakarudi nyumbani mapema. Lakini baada ya miaka miwili, kwenye mkojo na kwenye tendo la ndoa, hapakuwa na tofauti ya maana. Utafiti wa Sweden uliohusisha hospitali 14, ambao haukutumia bahati nasibu, uliwafuata wagonjwa miaka 8: waliokuwa wakivuja mkojo walikuwa asilimia 27 kwa roboti na 29 kwa upasuaji wa wazi, na waliopungukiwa nguvu za kiume 66 kwa 70. Mimi tofauti hiyo ya pointi nne hainishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni kwamba thuluthi mbili ya wanaume walibaki na tatizo, na wengi wanaokuja kwetu huwa wameambiwa habari za mashine tu.

Kwa upande wa kansa, subira inahitajika kuliko huko kwote. Tezi ikishatolewa, PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, inapaswa iwe haionekani kabisa, au karibu na hapo. Ikifika 0.2 (nanogramu kwa mililita) na kipimo cha pili kikathibitisha, tunasema imerudi. Hata hivyo, utafiti wa Johns Hopkins uliotoka 1999 ulionyesha kuwa kutoka PSA kupanda hadi kansa kuonekana imesambaa mwilini, kwa wasiopewa tiba mapema, kwa nusu yao ilichukua kama miaka 8 au zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anajigamba kwa matokeo ya miaka mitatu, msikilize kwa adabu tu.

Ndiyo maana kazi yetu kubwa ni kutompoteza mtu. Asiyejibu barua usimhesabu kuwa amepona. Mara nyingi ndiye aliyechoka na sisi. Chukua namba ya mke, ya binti, ya jirani. Wapo wanaostaafu na kurudi Afrika Mashariki, na huko watapima kwenye maabara nyingine, yenye kiwango chake cha chini inachoweza kukisoma. Wape daftari: tarehe, jina la maabara, na namba kama ilivyochapwa. "Chini ya 0.1" na "0.04" si kitu kimoja, usiwaache wazikadirie.

Ninaye mmoja Tanga ambaye hutuma majibu yake kliniki kila Mei. Mwaka jana Mei ikapita, Juni ikapita. Nilipopiga simu akapokea mkewe: mzee yuko Muheza, msimu wa machungwa, karatasi ya maabara iko mfukoni mwa koti tangu wiki ya kwanza ya Mei. Nikamwomba aende akalitafute koti, nikasubiri kwenye simu.