Baruti ipi haijazi masizi kwenye bastola?

SWALI: Kaka shikamoo, mi niko Mikindani, shemeji yangu yuko Marekani anajazia risasi zake mwenyewe za kupigia shabaha, vichwa anasubu, sasa analalamika moshi kibao na masizi, baruti gani inaungua safi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza asiilaumu baruti tu, moshi mwingi kwenye vichwa vya kusubu unatoka kwenye ile nta ya kulainisha, akivipaka rangi ya unga akavioka unapungua sana. Masizi nayo mara nyingi ni presha ndogo, baruti inayowaka taratibu ikikosa presha haimalizi kuungua na punje zinabaki kwenye mtutu, ndo maana wapiga shabaha wanapenda zinazowaka haraka kama Titegroup au N320 ya Vihtavuori. Ila hapa namwomba asikie vizuri jamani, hizo zinaingia kiduchu tu, ukimimina mara mbili kwenye ganda moja nafasi bado ipo na hujui, bastola inakupasukia mkononi! Achungulie kila ganda kwa taa, vipimo afuate kitabu cha kiwanda cha baruti, asizidishe hata kidogo. Wewe huko Mikindani usijaribu, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kisheria.