Kadi ya grafiki mpya kwenye kompyuta ya zamani: maswali yenu

Maswali mengi ya safari hii yanahusu kompyuta za mezani zilizotumika maofisini ng'ambo kisha zikaletwa kuuzwa kwetu: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara na bei yake inavumilika. Ila hazikuundwa kwa ajili ya magemu wala kuhariri video, na mtu anaponunua kadi kabla ya kuifungua kompyuta yake, pesa huteketea. Ndiyo maana kila anayeniuliza kuhusu kadi, mimi namuuliza kwanza kuhusu pawasaplai, yaani kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme.

Nina Dell OptiPlex 7010, Core i5-3470, RAM GB 8. Nataka kuweka GTX 1650 nicheze GTA V na nihariri video za harusi. Itakubali? — Msomaji, Morogoro

Inategemea 7010 yako ina umbo gani, ndugu yangu, maana ilitoka kwa maumbo kadhaa. Ile ya mnara ina pawasaplai ya wati 275. Ile nyembamba ina wati 240. Ile ndogo kuliko zote haina hata sloti ya kuchomeka kadi ya grafiki, kwa hiyo kama ndiyo uliyo nayo, achana na mpango huu.

Ukiwa na ya mnara, jibu ni ndiyo. Sloti ya PCIe, yaani pale kadi inapochomekwa, hutoa umeme usiozidi wati 75, na GTX 1650 ya kawaida hutumia wati 75 hizohizo, kwa hiyo haihitaji waya wa ziada. Prosesa yako, hiyo i5, imewekewa kiwango cha wati 77. Jumla ni 152, na kinachobaki kinazitosha diski, feni na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Ila kuna kampuni zilizotengeneza GTX 1650 zilizoongezewa kasi, zenye tundu la pini 6 ukingoni. Hizo si zako, kwa sababu pawasaplai yako haina waya huo. Usitegemee jina lililoandikwa kwenye boksi. Itoe kadi, utazame ukingo wake.

Ukiwa na ile nyembamba, tafuta kadi ya kimo kifupi, na hakikisha unapewa kile kibati kifupi cha kuishikiza nyuma ya kasha. Wauzaji wengi hukipoteza, na bila hicho kadi haifungiki. Kisha chukua rula upime unene. Nyingi ya kadi hizi hukalia nafasi ya sloti mbili.

Habari njema ni kwamba i5 yako ya kizazi cha tatu inatumia PCIe 3.0, yaani toleo la tatu la sloti hiyo, sawa na GTX 1650, kwa hiyo hapo hupotezi kitu. Lakini kwa video za harusi, RAM ya GB 8 ndiyo itakayokukwamisha kabla ya kadi. Kama bajeti inaruhusu kimoja tu mwezi huu, anza na RAM, ufikishe GB 16. Ni DDR3, na ya mtumba haina bei kubwa.

Fundi wangu anasema ninunue waya unaobadilisha plagi ya SATA kuwa pini 6, ndipo niweke kadi kubwa zaidi. Ni salama? — Msomaji, Nakuru

Hapana, na nakusihi usikubali. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikibeba ampia 1.5. Hiyo ni ampia 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini 6 la kadi linaruhusiwa kuvuta wati 75. Plagi itapata moto, plastiki itayeyuka, na kompyuta iko chumbani unakolala.

Njia ya haki ni kubadilisha pawasaplai yenyewe. Hapo napo kuna mtego. OptiPlex 7010 hutumia plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 7020 na 9020 zilizofuata zina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na HP EliteDesk 800 G1 nayo ina ya kwake ya pini 6. Kwa hizo utahitaji waya maalumu wa kuunganishia, na ununue ule uliotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa. Ukijumlisha gharama zote, mara nyingi kadi isiyohitaji waya wa ziada ndiyo nafuu.

Dukani kuna RX 6400 mpya, bei nzuri. Mimi nina HP Compaq 8200 Elite. Nichukue? — Msomaji, Mombasa

Naelewa inavyovutia. Inatumia wati 53 tu, ni fupi, na ni mpya. Lakini kadi hii, iliyotoka 2022, huwasiliana na kompyuta kwa njia nne tu za PCIe, na iliundwa kwa PCIe 4.0, ambako njia hizo nne hupitisha takriban GB 8 kwa sekunde. 8200 yako ni ya PCIe 2.0. Humo njia nne hupitisha GB 2 tu. Kumbukumbu ya kadi ya GB 4 ikijaa katikati ya gemu, utaona picha zikikatikakatika. Pia kadi hiyo haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, kwa hiyo anayerekodi magemu au kuhariri atakosa msaada mkubwa.

Chukua GTX 1650 yenye njia 16, hata ikiwa ya mtumba. Na Intel Arc A380 iache kabisa kwa mashine ya umri huo, kwani inategemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ili ifanye kazi vizuri, na kompyuta yako haina.

Jambo jingine: sasisha BIOS kwanza, ile programu inayoiwasha kompyuta, kisha mwombe muuzaji muijaribu kadi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Mashine za miaka hiyo wakati mwingine hugoma kuwaka na kadi mpya.

Monita yangu ina tundu la zamani la VGA pekee. Nifanyeje? — Msomaji, Zanzibar

Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani yake. Vile vya DVI vya bei ya chini, ambavyo ni plagi tupu, havifanyi kazi kwenye kadi hizi, kwa kuwa hazitoi tena mawimbi ya analogi.

Nimeona GTX 1050 Ti mtandaoni kwa bei ya kutupa. Nitajuaje kama ni feki? — Msomaji, Mwanza

Tazama nyuma yake. Ikiwa na tundu la VGA, usilipe. Kadi halisi za GTX 1050 Ti hazina tundu hilo. Feki nyingi ni kadi za kale zilizobadilishiwa programu ya ndani ili zijitaje kwa jina jipya. Endesha GPU-Z, programu ya bure. Ikigundua udanganyifu itaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi.

Hata ikiwa halisi, pima vizuri. NVIDIA, kampuni iliyoiunda, ilimaliza kutoa draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za magemu kwa familia hiyo Oktoba 2025, ikabakiza masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ni ya familia inayofuata, na bado inahudumiwa.

Nimeshaweka kadi, ila gemu bado linakwama vilevile. — Msomaji, Arusha

Je, waya wa monita umeuchomeka kwenye kadi, au umebaki kwenye mazabodi? Wengi huusahau pale pale ulipokuwa, na kadi inakaa bure.

Kama uko kwenye kadi, fungua Task Manager gemu likiendelea. Prosesa ikigonga asilimia 100 huku kadi ikibaki nusu, prosesa ndiyo inayochelewesha. Kwenye OptiPlex 7010 unaweza kuitoa i5 ukaweka i7-3770, soketi ni ileile na kiwango cha wati 77 ni kilekile. Lakini kadi ikiwa ndiyo iliyofika asilimia 98, basi inafanya kazi yake yote. Punguza vivuli na ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya gemu.