Klebsiella kwenye mkojo wa baba: je, ni nimonia?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Baba ana mpira wa mkojo tangu apate kiharusi, mwezi wa pili sasa. Mkojo ulioteshwa maabara, majibu yakaja "Klebsiella pneumoniae", amoksilini R. Homa hana, anakula vizuri. Ina maana ana nimonia? Nimnunulie dawa gani?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Majibu haya hayasemi kwamba baba ana nimonia. Mwaka 1882 Carl Friedländer, Mjerumani, aliwaona bakteria hawa kwenye mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, ndipo lilipotokea jina hilo. Makao yao ya kawaida ni utumbo, na wamo pia kwenye maji, udongo na mimea. Mtu mzima mwenye afya huishi nao bila shida. Wanaoumia ni watoto njiti, wagonjwa mahututi, na wenye mpira kama baba.

Wakiota kwenye sahani ya maabara, nikiwagusa kwa kitanzi (kijiwaya cha maabara), mara nyingi huvutika kama mlenda. Ute huo huwakinga wasimezwe na chembe nyeupe za damu. Ndani ya mpira nako hujijengea utando, na mpira ukifikisha mwezi, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kwenye mkojo. Kwa hiyo kuota peke yake si ugonjwa. Kama hakuna homa, baridi kali, maumivu ya kiunoni au kuchanganyikiwa ghafla, kwa kawaida daktari hatoi antibiotiki.

Hiyo R ya amoksilini, yaani bakteria ni sugu kwa dawa hiyo, isikushtue. Klebsiella ana kimeng'enya chake cha asili kinachoivunja dawa hiyo. Nakuomba sana usiinunue dukani: itaua bakteria wengine wa utumbo na kumwachia yeye nafasi. Kwenye karatasi ya majibu tazama mstari wa seftriaksoni, halafu meropenemu, ambazo nazo ni antibiotiki. R kwenye meropenemu ni jambo zito. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliwaweka Klebsiella wa aina hiyo katika kundi la hatari zaidi la bakteria sugu.

Sasa nami nikuulize: mkojo ulichukuliwa wapi? Kama ni kwenye mfuko, majibu hayo siyaamini, maana mkojo hulala humo na bakteria huzaana. Dalili zikitokea, mpira ubadilishwe kwanza, sampuli itoke kwenye mpira mpya na ifike maabara ndani ya saa 2. Na kliniki ijayo mwulize daktari kama baba bado anauhitaji mpira wenyewe.