Hermes wa piramidi au wa Chicago?

SWALI: Yambo Papa Projekta. Nina miaka 22, naishi Katuba. Juzi tuliangalia kwa rafiki yangu dokumentari ndefu juu ya Hermes Trismegistus, eti mwenye hekima wa Misri aliyeishi kabla ya Musa, akaacha bamba la zumaridi na sheria saba za siri. Sikulala. Mama mdogo aliposikia jina hilo akasema ni mambo ya majini, nisiyalete nyumbani. Mimi nataka kutengeneza filamu yangu juu yake kwa simu. Nianzie wapi?
Kijana wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mwanangu, anza kwa kuiangalia tena filamu hiyo ukiwa umezima sauti. Hilo nilifundishwa na projekta ya milimita 16 niliyokuwa naiendesha katika ukumbi mmoja wa Kamalondo. Usiku mmoja ile taa ndogo inayosoma sauti pembeni mwa ukanda iliungua katikati ya filamu ya kutisha. Picha zikaendelea. Watu waliokuwa wameng'ang'aniana wakaanza kucheka: kumbe mzimu ni bwana mmoja anayeshuka ngazi polepole! Yako nayo, ukiiondolea sauti nzito na ngoma, nakisia itabaki mawingu, piramidi, mshumaa, na mkono unaofungua kitabu kikuukuu. Kitabu gani? Cha mwaka gani? Shika hapo.

Maana wamekupikia vitu vitatu katika sufuria moja. Kwanza kuna vitabu vya Kigiriki vilivyoandikwa Misri chini ya Warumi, karibu karne ya 2 na ya 3 baada ya Kristo. Hermes wao ni mungu wa Wagiriki aliyeunganishwa na Thoth, mungu wa maandishi wa Wamisri, yule mwenye kichwa cha kwarara. Tajiri wa Florence, Cosimo de' Medici, alivitamani mno hata akamwambia mtafsiri wake, Marsilio Ficino, amweke kando kwanza Plato, yule mwanafalsafa wa Kigiriki. Tafsiri ya Kilatini ikawa tayari mwaka 1463. Waliamini ni vya zama za Musa. Mwaka 1614 msomi mmoja, Isaac Casaubon, akakichunguza kile Kigiriki, akaona ni cha baadaye sana. Ni sawa na mtu kukuletea barua ya mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyekufa 1891, na humo ndani anakuomba yuniti za simu.

Bamba la zumaridi ni habari nyingine: maandishi yake ya zamani kabisa tuliyonayo ni ya Kiarabu. Nazo sheria saba zimetoka katika Kybalion, kitabu kilichochapishwa Chicago mwaka 1908. Miaka miwili tu kabla ya mji wetu huu kuanzishwa!

Mama mdogo usibishane naye. Mwambie tu kwamba Hermes huyo yumo kwenye sakafu ya marumaru ya kanisa kuu la Siena, Italia, tangu miaka ya 1480. Halafu nyamaza, ule ugali wake.

Sasa filamu yako. Piramidi huna, lakini malakiti unayo, inauzwa hapa mjini imechongwa vikuku na visahani vya majivu ya sigara. Jiwe hilo la kijani lina shaba ndani yake. Wazee wetu wayeyushaji, walioitwa walaji wa shaba, walilichoma kwa makaa hadi likatoa shaba nyekundu, wakaimimina iwe misalaba ile unayoiona kwenye jumba la makumbusho. Wale wa kale waliojaribu kugeuza madini mengine kuwa dhahabu, waliomwita Hermes baba yao, walikuwa watu wa tanuru vilevile, wenye masizi puani. Kwa hiyo nenda kwa fundi anayeyeyusha alimini na kutengeneza sufuria. Laza simu, karibia mikono yake pale anapomimina, na simu ya pili ifiche karibu na kinywa chake ipate sauti. Muulize anajuaje kama moto umetosha. Usimkatize.

Muziki acha kwanza. Ukimaliza niletee, ila mara ya kwanza nitaiangalia bila sauti.